Wakfu wa Makaazi: Kutoka Viwanja vya Ng'ambo hadi Swali la Chukwani

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye naye aliingia mji wa Madina akiwa hana nyumba ndani yake, na ziwafikie aali zake na masahaba zake wote. Ama baad,

Siku moja baada ya sala ya alasiri walitufikia watu watatu wa Chukwani. Mkubwa wao ni mzee wa makamo yetu, na wawili ni vijana wa nduguye. Wana kiwanja walichoachiwa na mzee wao, si mbali na njia ya lami, na wamekubaliana wao pamoja na jamaa wa msikitini kwao wachangishane, wajenge safu ya vyumba vya matofali, kisha waviweke kwa ajili ya watu wanaofika Unguja hawana pa kulaza ubavu. Walitutajia wanaowakusudia: familia zinazovuka kutoka Pemba kufuata tabibu au kazi, watu wa Bara, na wachache waliokimbia vita vya Kongo wakafika hapa wakiwa na watoto na vifurushi. Wakauliza: "Maalim, je, inafaa tuwatoze kitu kidogo kila mwezi? Na ikifaa, yafaa kiwe chini ya bei ya mtaani? Na mtu akikaa mpaka akajiweza, tumwambie nini? Na akiongeza chumba kwa matofali yake mwenyewe, kile chumba ni cha nani?"

Tuliwajibu kwa ufupi kwa sababu magharibi ilikuwa imekaribia. Lakini swali lile lilitukaa. Lilitukaa kwa sababu nchi hii imekwishaulizwa swali hilo hilo kabla ya sisi kuzaliwa, tena katika ardhi iliyo karibu sana na kiwanja cha watu hawa, na majibu yaliyotolewa wakati ule yaliwaumiza wengi. Basi tumeona tuyaandike hapa kwa urefu kidogo.

MADINA

Aghlabu tunapotaja udugu wa Muhajirina na Ansari huishia kwenye kusifu. Wachache husimama wakatazama vipi jambo lile lilivyoendeshwa. Waliohama walikuwa wengi, na nyumba za Madina zilikuwa za udongo na makuti, nyingi ni ndogo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Ummul-Alaa, mwanamke wa Kiansari, kwamba walipopigiana kura juu ya makaazi ya Muhajirina, kura ya nyumba yao ilimwangukia Uthman bin Madh'un (R.A.). Tuzingatie hapo: kura ilipigwa kwa kugombania wageni. Tumeshuhudia kura nyingi katika umri wetu, za viwanja na za mirathi, na ya namna ile hatujaiona.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishukia kwa Abu Ayyub (R.A.), akakaa chini na mwenyeji wake akakaa juu, mpaka usiku mmoja mtungi ulipovunjika na mwenye nyumba na mkewe wakayakausha maji kwa shuka yao ya pekee ya kujifunika, wakichelea yasimdondokee mgeni wao. Na ardhi ya msikiti ilikuwa ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Waliambiwa bei yake, wakataka kuitoa bure, na Mtume (S.A.W.) hakukubali kuichukua ila kwa thamani. Baadaye akawachorea Muhajirina viwanja katika ardhi isiyokuwa na mwenyewe na katika ardhi ambayo Ansari walimpa, na wasiokuwa na jamaa wala mali wakawa wanalala katika Suffa, nyuma ya msikiti, chini ya paa la makuti.

Kuna jambo moja linalopitwa sana katika masimulizi, nalo ndilo tunalolihitaji zaidi. Ansari waliwapa Muhajirina mitende ili wale matunda yake. Ilipofunguliwa Khaybar na Muhajirina wakapata kitu chao, waliwarejeshea Ansari mitende ile. Kwa hiyo mitende ile ilitolewa kwa ajili ya haja, mizizi yake ikabaki mali ya wenyewe, na haja ilipoondoka ikarudi, na hakuna aliyemnung'unikia mwenziwe. Sababu ni kuwa pande zote mbili zilijua tangu mwanzo ni kitu gani kilichotolewa.

MBWENI, JIRANI YA CHUKWANI

Anayetoka Chukwani kwa miguu kuelekea mjini kwa njia ya pwani hufika Mbweni. Chukwani ni pahala ambapo Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga kasri yake ya kupumzikia kwa ajili ya hewa ya bahari. Wakati huo huo, jirani yake, mwaka 1871, Askofu Tozer wa misheni ya Kiingereza alinunua shamba la Mbweni. Yakajengwa pale majengo ya skuli ya wasichana, ambayo magofu yake yapo hadi leo, na kanisa la Mtakatifu Yohana, na kijiji cha mahuru, yaani watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa na manuwari za Kiingereza. Mwezi wa Juni 1873 Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na mwaka uliofuata Edward Steere akawa askofu, na kijiji kikaendelea kukua. Familia ilipewa nyumba na kipande cha ardhi cha kulima.

Tuseme haki, kwani Allah (S.W.) ametuamrisha uadilifu hata kwa tusiokubaliana nao. Mtu aliyeibiwa Nyasa au Manyema, akapelekwa pwani kwa mnyororo, akatiwa jahazini kisha akatolewa na watu asiojua lugha yao, akashushwa Unguja, alikuwa hana mtu hata mmoja katika kisiwa hiki. Nani alimpa paa? Katika habari hii misheni ilitangulia. Aliyekaa pale alikaa chini ya kanuni za misheni na katika dini yao, na hilo lilikuwa na thamani yake, maana nyumba ilikuja pamoja na kitu kingine. Lakini ilikuja. Wapo katika wenzetu wanaoisimulia Mbweni kana kwamba ni njama tu, kisha hawasemi sisi, tuliokuwa na misikiti mingi zaidi mjini, tulimuwekea nini mtu yule aliyeshuka bandarini.

Na hatusemi kwamba hatukuweka kitu. Tuliweka, na ndiyo habari ya Ng'ambo.

NG'AMBO

Mji Mkongwe ulitengwa na upande wa mashariki na mkono wa bahari uliokuwa ukijaa na kupwa kabla ya kufukiwa, na ng'ambo yake palikuwa na mashamba na viwanja vya matajiri. Huko ndiko walikokaa watumwa wa mjini, mahuru, mafundi, wachukuzi, Wangazija, Washihiri wa hali ya chini, na kila aliyeingia kisiwani kutafuta riziki. Vibanda vilikuwa vya miti na udongo, vimeezekwa makuti. Na ada ya Ng'ambo ilikuwa hii: kibanda ni cha aliyekijenga, kiwanja ni cha mwingine. Mwenye kiwanja alimruhusu mtu ajenge, khasa akiwa ni mtumwa wake au huru wake au mtu wa kumtegemea, na katika zama za awali hakuwa akimtoza kodi. Aliyekaa alikuwa mtu wake, humsaidia katika harusi na misiba, na heshima ya bwana ilipimwa kwa idadi ya watu waliokaa katika ardhi yake. Wengine waliandika kabisa kuwa kiwanja fulani ni wakfu kwa ajili ya mahuru wao na vizazi vyao, au kwa mafakiri, wakae humo.

Lakini wengi hawakuandika. Ruhusa ilikuwa ya mdomo, na mdomo hufa na mwenyewe.

Mwezi wa Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondosha hali ya utumwa kisheria. Watu huikumbuka kwa uhuru uliokuwemo ndani yake, na hawakumbuki sharti lake. Amri ile ilisema kwamba aliyethibitishiwa uhuru wake ni lazima aonyeshe kuwa ana makaazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo atahesabiwa kuwa ni mzururaji. Tulifikiri sana juu ya sharti hilo tulipolisoma mara ya kwanza. Mtu anaambiwa: wewe ni huru, ila tuonyeshe nyumba yako. Na nyumba yake ilikuwa iko wapi, hali alikuwa akilala katika ardhi ya bwana? Basi waliobaki mashamba walifungiana mikataba na wenye mashamba, wafanye kazi siku kadhaa za wiki badala ya kuruhusiwa kukaa na kulima. Na waliokataa mikataba hiyo walikwenda Ng'ambo. Kwa hiyo kile kiwanja kilichokuwa kikitolewa bure Ng'ambo kilikuwa ndicho kinachomfanya mtu awe huru kwa kweli, kwani bila ya hicho uhuru wake ungekuwa kesi ya polisi.

Hapo ndipo bei ya ardhi ilipoanza kupanda. Viwanja viliuzwa na warithi, vikawekwa rahani kwa madeni, vikaingia mikononi mwa watu ambao hawakuwa na ujamaa wowote na waliokaa juu yake. Mmiliki mpya hakuona mahuru wa marehemu fulani, aliona vibanda mia juu ya ardhi isiyozalisha. Akaweka kodi ya kiwanja, kisha akaipandisha.

Na wakfu je? Mwaka 1905 serikali ya ulinzi ya Kiingereza iliunda Kamisheni ya Wakfu, na dikrii ya 1907 ikaipa nguvu zaidi. Hatukatai kwamba palikuwa na wakfu zilizokuwa zikiliwa na nadhiri zake, na nyumba zilizokuwa zikianguka kwa kukosa mwangalizi. Lakini maofisa waliosimamia walizitazama wakfu kama mali inayotakiwa kutoa faida. Wakfu uliotoa mapato ulionekana ni wakfu mzuri, na ule ambao faida yake ni mtu kulala ndani yake ulionekana kuwa umelala. Mambo mengi ambayo waweka wakfu waliyakusudia yalionekana machoni mwao kuwa ni ya ajabu na yasiyo na maana, na kidogo kidogo makaazi yakageuzwa kuwa kodi, na kodi ikakusanywa ili itumiwe katika mambo mengine. Na Kamisheni hiyo walikuwemo ndani yake watu wa dini yetu. Hili tunaliandika kwa uzito, kwa sababu sisi ndio warithi wa elimu yao.

Mwaka 1927 na 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Wengi walishitakiwa, zikatolewa amri za kuvunjwa vibanda, watu wakafungwa, na mwaka 1928 umati ulikwenda gerezani kuwatoa wenzao. Ndipo serikali ilipotoa, mwaka huo huo, dikrii ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Mzozo ule ulikuwa juu ya kitu kidogo sana, vipande vya ardhi ambavyo mtu akinyoosha mikono anagusa ukuta wa jirani. Lakini waliogoma hawakuwa wajinga wa sheria. Hoja yao ilikuwa kwamba ardhi ile walipewa wazee wao wakae, na kwamba kumtoza mtu kwa alichopewa ni dhulma.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya serikali, na kodi ya kiwanja ikafa kwa njia nyengine. Majumba ya ghorofa yakajengwa Kikwajuni kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, kisha yakaja ya Michenzani, na vibanda vingi vikaondoshwa kupisha. Hayo yana mwandishi wake. Sisi tunarudi kwenye hoja ya wagomaji, kwa sababu ni mas-ala ya fiqhi khasa, na kuijibu kwake ndiko kunakowahusu watu wa Chukwani.

RUHUSA AU WAKFU?

Mtu akimwambia mwenziwe "jenga hapa ukae", maneno hayo katika madhhab ya Imamu Shafii (R.A.) asili yake ni ariya, yaani kuazima. Na mwenye kuazimisha anaweza kurejea katika alichoazimisha. Je, anaporejea, jengo linakuwaje? Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba ikiwa hakukuwa na sharti la kung'oa bure, mwenye ardhi ana hiari: amuachie mjenzi jengo lake kwa ujira, au aling'oe na amlipe fidia ya kile kilichopungua thamani. Wako waliosema pia anaweza kulichukua kwa thamani yake. Lakini hana haki ya kumwambia vunja uende zako bila ya kitu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, katika viwanja ambavyo havikuwa wakfu, mmiliki mpya wa Ng'ambo alikuwa na haki ya kutaka ujira wa ardhi yake, na hilo hatuwezi kulikataa kwa sababu tu linatuumiza. Ila hakuwa na haki ya kuvunja kibanda pasina fidia. Na katika viwanja vilivyokuwa wakfu wa kukaa, hakuwa na haki hata ya huo ujira, wala hakikuwa kiwanja cha kuuzwa kabisa. Wagomaji walichanganya mambo mawili, na mahakama nayo ikayachanganya kwa upande wa pili. Aliyekaa juu ya wakfu alitendewa kama mpangaji, na aliyekaa kwa ruhusa alidai kana kwamba yu juu ya wakfu. Kama wazee waliotoa viwanja vile wangeandika mstari mmoja, mbele ya kadhi na mashahidi, mambo mengi yasingetokea.

Ama wakfu wa nyumba, wanachuoni wamepambanua kati ya namna mbili. Kuna wakfu wa kukaa, ambao manufaa yake ni makaazi yenyewe, na kuna wakfu wa kukodisha, ambao manufaa yake ni yale mapato. Aliyewekewa wa kwanza hukaa, wala hana ruhusa ya kukipangisha chumba kwa mtu mwengine akala kodi. Na nadhiri wa wa pili hana ruhusa ya kukodisha chini ya ujira wa mfano wake, yaani bei ya mtaani, kwa sababu anapoteza haki ya wanaokula mapato hayo. Mtu akizisoma hukumu hizi kwa haraka ataona kwamba kodi nafuu haifai katika wakfu. Sivyo. Hukumu ya ujira wa mfano imewekwa kumlinda anayewekewa wakfu. Pale ambapo fakiri anayepanga ndiye huyo huyo aliyewekewa wakfu, na muweka wakfu akashurutisha kwamba atozwe kidogo tu cha matengenezo, basi unafuu ule ni sehemu ya manufaa yake, na sharti la muweka wakfu lisilopinga sheria hufuatwa. Na Mahanafi wamesema wazi kwamba nyumba iliyowekwa wakfu wa kukaa, matengenezo yake ni juu ya anayekaa.

Tuliwakumbusha wageni wetu mifano miwili aliyoitaja Bukhari. Zubayr bin Awwam (R.A.) alizitoa nyumba zake sadaka, akashurutisha kwamba binti yake aliyeachwa na mume akae humo, asidhuru wala asidhuriwe, na akipata mume akatoshelezeka hana haki tena. Na Ibn Umar (R.A.) aliiweka sehemu yake katika nyumba ya baba yake iwe makaazi ya wenye haja katika jamaa zake. Katika sharti la Zubayr kuna jawabu la swali lao la tatu. Haki ya kukaa inafungamana na haja, na mwisho wake unatajwa siku ya mwanzo, si siku ya ugomvi. Mgeni akiambiwa siku anapopokea ufunguo kwamba chumba hiki ni chako mpaka upate kazi ya kudumu, au mpaka miaka miwili, hataona ametolewa. Akiambiwa "kaa tu, hapa kwenu", kisha baada ya miaka sita anaambiwa atoke, hiyo ni Ng'ambo nyengine.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na katika hadithi haki ya mgeni ni siku tatu na zaidi ya hapo ni sadaka. Mfano wa karibu wa kumpa mgeni jembe pamoja na pa kulala upo ng'ambo ya bahari yetu, mkoani Tanga. Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani Somalia katika karne ya 19 walirudi wakikimbia vita vilivyoanza mwaka 1991, wakakaa kambini, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wilaya ya Handeni, watu elfu tatu hivi, wakapewa ardhi ya kujenga na kulima, na baadaye wengi wao wakapewa uraia. Karne nzima na zaidi imepita kati ya jahazi lililowachukua wazee wao na kiwanja walichopewa wajukuu. Nasi watu wa visiwani tusijione kwamba siku zote sisi ndio wenyeji. Baada ya mauaji ya Januari 2001 zaidi ya watu elfu mbili, wengi wao Wapemba, walivuka kwa ngalawa na mashua wakashukia Shimoni, Kenya, na watu wa pwani ile wakawapokea.

KIWANJA CHA CHUKWANI

Walirudi baada ya wiki mbili, safari hii wakiwa watano, na karatasi. Tulikaa nao barazani tukaiandika upya.

Jambo la kwanza lilikuwa la ardhi yenyewe. Kwa sheria ya Zanzibar ardhi ni ya umma na mtu anayo haki ya kuitumia. Kijana mmoja akauliza vipi basi utaweka wakfu kisichokuwa chako. Hilo nalo halikuwapita waliotutangulia. Nawawi ametaja kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kufaa kuweka wakfu jengo au miti iliyopandwa katika ardhi ya kukodi. Basi jengo ndilo litakalokuwa wakfu, pamoja na haki yoyote ya ardhi inayoweza kuhamishwa, na hati ipelekwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ikaandikishwe, wala isibaki kabatini kwa mtu.

La pili lilikuwa fedha. Walikuwa wamekwisha pokea michango, na katika michango hiyo mfanyabiashara mmoja alitoa zaka yake. Tuliwaambia waitenge. Zaka katika madhhab yetu ni lazima imilikiwe na wenye haki nayo, na ukuta wa wakfu haumiliki kitu. Sadaka na ijenge, na zaka wapewe wapangaji mikononi mwao, wale watakaoshindwa hata na kile kidogo cha mwezi, wakilipe wenyewe kutoka katika mali yao. Mzee hakupendezwa, kwa sababu fedha za zaka zilikuwa ndizo nyingi. Tulimfahamu. Lakini tulimwambia kwamba mtu anayelipa kwa mkono wake hukaa chumbani kwa namna tofauti na mtu aliyelipiwa asijue.

Waliuliza pia, kwa sauti ya chini, kuhusu Wakongo wawili katika wanaowakusudia, ambao si Waislamu. Jawabu hapo ni jepesi kuliko walivyodhani. Wakfu kwa asiyekuwa Muislamu aliye katika amani na sisi unafaa katika madhhab yetu, na imepokewa kwamba Bi Safiyya (R.A.), mama wa waumini, alimuwekea wakfu nduguye aliyekuwa Myahudi. Wala wasimshurutishe mtu huyo kuhudhuria darsa ndipo apate ufunguo. Tuliwaonyesha kwa kidole upande wa Mbweni, wakacheka, wakafahamu.

Lililotuchukua muda mrefu ni hilo la chumba cha kuongeza. Mzee alitaka iandikwe kwamba hakuna ruhusa ya kuongeza hata tofali moja. Vijana walisema mtu mwenye watoto sita hatakaa katika chumba kimoja miaka miwili asiongeze kibanda cha jiko, na ukimkataza atajenga usiku. Tulisimama na vijana. Ikaandikwa kwamba anayetaka kuongeza aombe kwa wasimamizi, ikaandikwe ni kwa mali ya nani na kwa kiasi gani, na siku ya kuondoka ama achukue vifaa vyake bila ya kuudhuru wakfu, au alipwe thamani ya jengo lake kutoka katika mfuko wa matengenezo, au akipenda akiunge na wakfu kwa hiari yake mbele ya mashahidi. Wasimamizi wawe watatu, mmoja wao atoke katika wanaokaa humo.

Hapo mzee alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama huyo wa tatu naye atakuwa na ufunguo wa sanduku. Tukamwambia ndiyo, sanduku litakuwa na kufuli tatu. Akaitia saini karatasi, akawapa vijana nao watie zao, na tukawaagiza kwamba kabla ya kuchimba msingi wakaipeleke kwanza ikaandikishwe.